Usinitumie tena amortisere, nitumie freni

Goma, tarehe 18/8/2019

Ndugu yangu,

Salamu nyingi toka huku kwetu. Tuko wazima. Mama yako wa Katindo naye ni mzima, Jumapili iliyopita alinipakulia maharagwe na sambaza, halafu akaniuliza tena kama huko Kanada unavaa nguo za kutosha. Nikasema ndiyo. Ile picha yako uko hewani juu ya daraja la mbao, kinga yako, ile baiskeli, iko chini yako na ardhi iko chini ya kinga, sikumwonyesha. Hiyo utamweleza wewe mwenyewe ukifika.

Mzigo ulifika. Yule mama uliyempa alishukia Kigali, akavuka Grande Barrière, mpaka wetu na Rwanda, kwa miguu, amortisere, ule uma wa mbele wa kinga unaomeza mishtuko, ameifunga kwenye kitenge na kuibeba mgongoni kama mtoto. Kaske, ile kofia ngumu ya kukinga kichwa, nayo ilifika. Nilipoivaa mara ya kwanza hapa mtaani Ndosho, watoto walinifuata mpaka kwenye bomba la maji wakiniita kosmonoti. Sijui neno hilo wamelitoa wapi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mambo ya friraidi, huo mchezo wako wa kushuka mlima na kinga, sasa ninayaelewa kidogo. Kwamba hakuna saa ya kushindana nayo, kwamba kila mtu anaangalia mlima na kujichagulia njia yake, na anayeshuka kwa ufundi na kwa moyo ndiye anayeshangiliwa. Ile ya Utah, mashindano ya Rampage, ambako tangu 2001 wanapanda na majembe na mifuko ya mchanga, wanachimba njia zao wenyewe kwenye ukingo wa jabali halafu wanajirusha, hiyo nimeiona kwenye simu na nikaizima kabla haijaisha. Tumbo lilinikataa. Lakini habari za North Shore, milima ya hapo kwenu Vancouver, zilinipendeza: mlima umelowa, mizizi kila mahali, matope, ndipo watu wakaamua kutandaza njia ya mbao juu ya yote hayo. Hao ni watu wanaofikiri kama sisi. Ungempa mchonga chukudu wa hapa, yale makinga yetu ya mbao ya kubebea mizigo, msumeno na msitu ule, angekutengenezea daraja kufika jioni.

Na huo mlima wenu wa Whistler, ambako mtu anakaa kwenye kiti, kinga inaning'inia, kamba inawavuta wote wawili mpaka juu! Umeandika kilele chake ni mita 2180 hivi. Ndugu yangu, pale Kibati njia ya kupanda Nyiragongo inaanzia karibu mita 1990, na bado hujapanda kitu. Nyiragongo yenyewe ni 3470. Mikeno 4437. Karisimbi 4507. Mlima wenu unakwisha pale ambapo Mikeno ndiyo kwanza inafunga kamba za viatu. Usikasirike, najua mlima ni mmoja na njia ni nyingine. Sisi tuna milima, ninyi mna njia.

Sasa nikueleze kilichonipata, kwa sababu najua utaulizwa huko mzigo ulifanya kazi gani.

Nilipeleka amortisere Birere kwa fundi. Shingo yake iliingia vizuri kwenye fremu ya ile kinga yangu nyekundu ya okazioni, ekseli nayo ilikubali. Tukafurahi. Kisha fundi akageuza gurudumu la mbele, akainama, akanyamaza. Akaniuliza, "Na freni tutaifunga wapi?" Unakumbuka kinga yangu ina freni za kubana rimu, zile mpira miwili inauma chuma pande zote. Amortisere yako haina mahali pa kufunga mpira. Ina masikio mawili tu upande wa kushoto, ya freni ya disiki. Na gurudumu langu halina disiki, ile sahani ya chuma inayobanwa, kikombe chake cha katikati hakina hata matundu ya kuifunga. Tulizunguka Birere nzima. Muuzaji mmoja alinionyesha disiki iliyopinda kama sahani ya plastiki iliyoachwa karibu na mbabula ya makaa, akataka dola kumi na tano. Nikaondoka.

Mtu mwenye akili angerudisha uma wa zamani. Mimi nilisimama pale kwenye sanamu ya chukudu nikiwaza. Nikawaza hivi: chukudu ina freni ngapi? Moja. Iko wapi? Nyuma. Ni kipande cha tairi unachokikanyaga kwa mguu kikasugua gurudumu la mti. Na kwa hicho kipande watu wanashuka toka Kibumba na magunia ya kilo mia tatu. Mimi nina kilo sitini na mbili na freni ya nyuma nzima. Hesabu ilikuwa tamu kweli.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nikadandia Fuso iliyokuwa inapanda tupu kwenda kuchukua mashu (kabichi) Kibumba. Shofa alinitoza franka elfu moja, mimi na kinga. Hiyo ndiyo kamba yetu ya Whistler, ina moshi mweusi na muziki. Kwenye barriere ya barabarani tulishuka wote kunawa mikono kwa maji ya klorini na kupimwa joto kwenye paji la uso, maana tangu Ebola ilipoingia hapa mjini mwezi wa saba hakuna anayepita bila kunawa. Yule wa kupima alipoona kaske akaniambia niivue, halafu akaniuliza naenda vita gani.

Nikashukia Kibati. Baridi ile unaijua. Ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye kiuno cha mlima, na juu yake moshi wa Nyiragongo unatoka taratibu kama chungu kilichofunikwa. Nilimuuliza gardi mmoja wa parke kama mtu anaweza kupanda na kinga. Hakukasirika hata. Akasema huku ni miguu tu, na watu wenye silaha mbele na nyuma, muda wa saa nne mpaka sita mawe matupu, "na weye kinga yako utaibeba, ama itakubeba?" Nikamwambia kwamba waendesha kinga Hans Rey, Danny MacAskill na Gerhard Czerner walifika na kinga zao mpaka kilele cha Kilimanjaro, mita 5895. Akafikiri kidogo. "Basi uende Kilimanjaro," akasema.

Kwa hiyo nikachukua njia ndogo, ile inayoacha barabara kubwa upande wa kushoto ukielekea mjini na kukutana nayo tena kabla ya Kanyaruchinya. Watu wa chukudu wanaipenda kwa kukwepa malori. Mwanzo wake ni udongo mweusi laini, katikati ya mashamba ya viazi. Ndugu yangu, amortisere yako! Mikono yangu haikuamini. Miaka yote nimezoea kila jiwe liniingie mpaka kwenye meno, sasa mawe yanapita chini huko na mimi ninasikia tu "fu, fu, fu" kama mtu anayepumua usingizini. Nikasimama juu ya pedali, visigino chini, matako nyuma ya kiti, macho mbali, kama ulivyoniandikia. Kulikuwa na tuta la mtaro, nikalipanda, magurudumu yote mawili yakaachana na ardhi. Haikuwa kimo cha kuku. Lakini yaliachana.

Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu kumbe amortisere nzuri inakuongezea mwendo bila kukuuliza. Udongo ukaisha, yakaanza mawe ya volkano. Umekaa Vancouver miaka sita, nikukumbushe: yale si mawe ya mto. Yana ncha, yana matundu, ukiyakanyaga yanalia kama vigae vya chungu, halafu yanaviringika. Nikabana freni. Gurudumu la nyuma likaacha kuzunguka papo hapo, na kinga ikaendelea na safari yake, sasa ubavu ubavu. Nikaachia, ikanyooka, mwendo ukaongezeka. Nikabana, ikaenda ubavu. Hivyo mara tano, sita. Kisha nikaamua kubana kidogo kidogo bila kuachia, na huko ndiko kulikonimaliza, kwa sababu baada ya dakika chache nikasikia harufu ya mpira unaoungua.

Amini usiamini, katika kipindi kile nilikumbuka barua yako. Ulipoandika kuhusu wale vijana wa California, karibu na mlima Tamalpais, 1976, wanashuka na makinga mazito ya zamani yenye freni ya kurudisha pedali nyuma, mpaka grisi ndani ya kikombe inaungua na kutoka moshi, na wakifika chini lazima wafungue wapake nyingine, ndipo njia ile ikaitwa Repack, yaani kupaka upya. Nilipoisoma nilicheka. Nilikuwa bado ninawawaza wakati rimu ya nyuma ilipopata moto wa kutosha na shambrera, mpira wa ndani wa tairi, ikapasuka. Paa! Kama bunduki. Mashambani kila mtu alilala chini. Huku kwetu watu hawaulizi kwanza.

Mimi nilianguka kwa mbele. Kaske ilifanya kazi yake, ina mkwaruzo mrefu kidevuni ambao ungekuwa kidevu changu. Viganja vyote viwili vilichunika, na goti la kulia lilifunguka kiasi cha kuingiza kidole. Nimekaa pale chini nachomoa vijiwe, ndipo nikasikia mlio wa chukudu inashuka, ule mlio wa mti juu ya mti. Ni mzee, labda wa umri wa baba zetu, goti moja juu ya ubao, magunia manne ya viazi mbele yake na jingine dogo limefungwa nyuma karibu na gurudumu. Akapita kwenye yale mawe yaleyale, polepole, kama mtu anayetembeza ng'ombe. Alipofika chini ya mteremko akasimama, akaegemeza chukudu, akapanda tena kwa miguu mpaka nilipo.

"Pole, mutoto. Ni nani alipiga?"

"Ni shambrera, papa."

Akaitazama kinga muda mrefu. Akaigusa rimu, akaondoa kidole haraka. Akatafuta freni ya mbele, akaikosa, akaniangalia usoni. Nikamweleza ile hesabu yangu, kwamba hata chukudu ina freni moja ya nyuma. Alicheka mpaka akakaa.

"Chukudu inakamata sababu ya muzigo," akasema. "Muzigo unakalia gurudumu. Ya kwako ni nani anakalia? Weye umesimama. Kinga bila muzigo inarukaruka sawa mbuzi." Halafu akanionyesha mahali pale juu, mawe yanapoanzia. "Na freni haikamatwi mu muteremuko. Inakamatwa mbele ya muteremuko. Ukifika ndani umeshakawia."

Nimeyafikiria maneno yake wiki nzima hapa nyumbani, goti limenyooshwa juu ya kiti. Ukishuka, uzito wote unakwenda mbele. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, halina la kushikia, ndiyo maana linateleza. Kumbe freni ya mbele ndiyo inayobeba kazi kubwa, na mimi ndiyo niliyoiacha Birere kwenye sanduku la fundi. Yeye chukudu yake haina ya mbele, lakini anajaza magunia kwa kipimo, lile dogo la nyuma si la kuuza tu, ni sehemu ya freni. Mimi nilifikiri wanapakia wanavyoweza. Nimewaona tangu utoto na sikuwahi kuona.

Alinifunga goti kwa kipande cha kamba na kitambaa cha gunia, akabeba kinga yangu juu ya viazi vyake, mimi nikamfuata kwa mguu mmoja na nusu mpaka barabarani. Nilitaka kumpa kitu, akakataa franka, akaomba ile shambrera iliyopasuka. Alisema itafaa kufungia mizigo. Nikampa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, orodha ni hii, na usiongeze kitu. Gurudumu la mbele lenye kikombe cha disiki, inchi 26, si kubwa zaidi. Disiki moja ya milimita 180, na hiyo chombo ya kubana, ile ya kuvutwa kwa kamba ya chuma, siyo ya mafuta, mafuta yake hapa hatutayapata. Patini, vile vipande vya kubana disiki, jozi nne. Usinitumie amortisere ya nyuma, usinitumie suruali zenye pedi. Shambrera nitanunua hapa. Hata kama ni vya mitumba havina shida, mradi disiki isiwe imepinda, maana iliyopinda ninayo mtaani kwa dola kumi na tano.

Na ukija mwezi wa kumi na mbili, njoo na kaske yako. Ile njia nimekwisha kuijua kwa mikono. Tutapanda na Fuso, na juu kule nitakuonyesha mahali pa kubana. Mama yako tutamwambia tumekwenda kununua viazi, na ili tusiseme uongo tutanunua gunia moja, tulifunge nyuma ya kinga yako.

Mama anayeibeba barua hii anaondoka kesho alfajiri, na ameshanitumia mtoto wake mara mbili. Salimia mke wako na yule mdogo. Naandika kwa kiganja chenye bandeji, ndiyo maana herufi zinalala.

Mimi wako, kosmonoti wa Ndosho