Gazeti la shule lianzie kwenye swali la dondoo

Mhariri,

Katika shule nyingi za Kikatoliki za wasichana, chama cha wanahabari na somo la fasihi huishi kama majirani waliokosana. Gazeti hutoka mara moja kwa mwaka likiwa limejaa picha za wageni wa heshima, nayo fasihi hubaki kukariri maudhui. Ilhali zana ya mwanahabari imo tayari katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ambapo hutolewa dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa kutoka kitabu kilichosomwa: "Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)." Mtahiniwa hutaja msemaji, msemewa, mahali, na sababu ya maneno hayo kusemwa. Mpe mwanahabari chipukizi maswali hayo manne, umwongezee "lini", kisha umtume jikoni au zahanati ya shule.

Bila maswali hayo huleta hotuba: "Wanafunzi walifurahia chakula kitamu siku ya mtakatifu msimamizi wa shule." Nani alifurahia? Alimwambia nani? Akirudishwa kuuliza, huenda akaandika: "Pilau iliisha saa saba na robo, foleni ya Gredi ya 10 ikiwa bado mlangoni mwa bwalo." Hapo kuna habari, na mpishi ana la kujibu. Aulizwe kabla ya gazeti kuchapwa, wala si baada ya kulalamika.

Ukurasa wa mashairi ndio unaoleta ugomvi mwingi. Kwanza mizani: wasichana wengi huhesabu herufi badala ya silabi. "Mtoto" ni mizani 3, kwa kuwa m yake hutamkwa peke yake. "Mbuzi" ni 2. Mshororo wa mizani 16 usomwe kwa sauti, kidole kikigonga meza, 8 kwa 8. Inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itoshe, inaruhusiwa, ila ikijitokeza katika kila mshororo ni uvivu tu. Pili ni nafsineni, yaani anayesema katika shairi. Sista mkuu akishtushwa na shairi la kukata tamaa, aelezwe kwamba huyo si lazima awe mshairi. Hata hivyo mlezi wa chama amwite mwandishi faraghani, maana mara nyingine nafsineni ni yeye mwenyewe.

Uchapaji nao una hesabu yake. Karatasi ya A3 ikikunjwa mara moja hutoa kurasa 4 za A4, kwa hiyo gazeti huwa la kurasa 4, 8 au 12. Ukiwa na makala ya kurasa 6, mbili hubaki tupu, na hapo ndipo picha za wageni wa heshima hupenyea. Habari isizidi maneno 250, katika safu mbili, herufi za ukubwa wa 11. Wiki 4 zinatosha: ya kwanza kugawa mada, ya pili kukusanya habari, ya tatu kuhariri, ya nne kuchapa. Muhula wa tatu uachiwe watahiniwa.

Sista mkuu asome mara moja, mwishoni mwa wiki ya tatu, aandike maoni yake pembeni. Asiandike upya. Makala ikishapitia kalamu ya mtu mzima, msichana huiona si yake tena, na toleo linalofuata haleti kitu.

Kuhusu picha, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia picha ya mtoto. Mnamo 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini. Fomu ya idhini itiwe sahihi siku ya kufungua shule, mzazi akiwa bado langoni.

Wahariri wateuliwe Januari 24, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Sales, aliyetangazwa msimamizi wa waandishi na wanahabari mwaka wa 1923. Inasimuliwa kwamba alikuwa akipenyeza vikaratasi chini ya milango ya watu. Karatasi moja ya A3 inatosha kwa toleo la kwanza.

Walimu wa Fasihi,
Kiambu