Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mashine za Boti kwa Maji ya Kina Kifupi Yenye Magugu

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada, mahudhurio na hesabu mtayakuta katika taarifa za katibu na mweka hazina. Taarifa hii inashika jambo moja ambalo mkutano mkuu uliopita uliikabidhi kamati ya ufundi: boti zetu zivae mashine gani katika maji ya kina kifupi yaliyojaa magugu? Mwishoni kuna maazimio manne ya kupigiwa kura, kwa hiyo naomba mwende nami hadi huko.

Kwanza kamati ililigawa swali lenyewe. Ufupi wa maji ni tatizo moja, magugu ni jingine, na dawa ya moja mara nyingi huzidisha jingine. Mfano ni jeti, mashine inayosukuma boti kwa maji inayoyarusha nyuma. Ilikuzwa New Zealand na William Hamilton katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya kina kifupi yenye changarawe, na mwaka 1960 boti zake ziliupanda Mto Colorado kupitia Grand Canyon. Hiyo ni mito ya mawe, haina majani. Jeti hunyonya maji kwa tumbo la boti, hivyo majani yakiwapo yanavutwa nayo na kuganda kwenye wavu. Mtu aliyesikia kwamba "jeti hupita popote" ameambiwa nusu tu ya habari.

Pima kabla ya kununua

Chukua fimbo ya m 2 iliyotiwa alama kila sm 5 na uende kupima wakati maji yamepungua kabisa. Kila mahali unapopita andika vitu vitatu: kina hadi juu ya tope, kina hadi sehemu ngumu (sukuma fimbo mpaka ikatae), na aina ya majani. Aina ya majani ndiyo watu huisahau. Gugumaji huelea, mizizi yake inaning'inia, na boti inaweza kulisukuma kando. Majani yaliyoota chini na kunyooka hadi juu ya maji ni kama kamba, nayo ndiyo hujisokota kwenye propela. Matete na mafunjo ni ukuta: hakuna propela ya kukata njia humo siku baada ya siku, hapo tafuta mkondo mwingine au shika pondo (mti mrefu wa kusukumia boti).

Kisha pima boti ikiwa na mzigo wake wa kazi, mafuta na watu. Kwa boti ya tumbo bapa hesabu ni nyepesi: kila mita moja ya mraba ya tumbo huhitaji kg 10 ili kuzama sm 1. Boti yenye tumbo la m 4.5 kwa m 1.2 ina mita za mraba 5.4, hivyo kg 54 huizamisha sm 1. Abiria watatu wa kg 70 huongeza karibu sm 4. Wakikaa wote nyuma, nyuma huzama zaidi ya hapo na mbele huinuka, na nyuma ndiko iliko mashine. Mara nyingi kuhamisha tangi la mafuta na betri kwenda mbele kunaokoa sentimita ambazo mtu alitaka kuzinunua kwa mashine mpya.

Mashine ya kawaida ya nyuma

Mashine ndogo ya kufunga nyuma, ya HP (nguvu za farasi) 15 kwa mfano, huteremsha pezi lake la chini takribani sm 30 chini ya bamba lililo juu ya propela. Bamba hilo hukaa usawa wa tumbo la boti au chini yake kwa sm 2 hivi. Boti iliyozama sm 15 basi inahitaji sm 45 ili isiguse, na ongeza sm 10 za usalama. Chini ya sm 55 unalima, si kusafiri.

Hata maji yakitosha, majani huiumiza mashine hii kwa njia mbili. Njia ya kwanza huonekana: shina hujisokota kwenye kitovu cha propela, mapengo kati ya mapanga hujaa, na propela haishiki maji tena. Ukisikia mashine inapiga kelele juu huku boti ikipunguza mwendo, ni hilo. Njia ya pili ni ya kimyakimya, nayo ni ghali zaidi. Majani hufunika matundu ya kunyonyea maji ya kupoza, impela ya mpira (gurudumu la pampu ya maji) inazunguka bila maji, inaungua, na kichwa cha silinda kinafuata. Mwendeshaji aangalie kila mara kijito cha maji kinachotoka nyuma ya mashine. Kikilegea, zima. Usisubiri kengele, kwani mashine nyingi ndogo hazina kengele.

Wengi wenu mna mashine hizi tayari, na kamati haiwaambii mzitupe. Badilisheni propela kwanza. Propela yenye mapanga yaliyolazwa nyuma huteleza majani badala ya kuyakamata. Chuma cha pua hukaa na makali na hakikunjiki, lakini kikigonga jiwe huupeleka mshtuko kwenye gia, kwa hiyo penye mawe alumini ni bora: panga lipinde, gia ipone. Mwinamo wa mapanga (umbali, kwa inchi, ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) nao usipuuzwe. Mashine isipofikia mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji ikiwa na mzigo kamili, punguza mwinamo. Inchi moja hubadilisha karibu mizunguko 200 kwa dakika. Ndani ya majani boti ni nzito kuliko kwenye maji wazi, na mwinamo mkubwa utaichosha mashine bure.

Mkia mrefu

Hii ndiyo iliyochukua muda mwingi wa kamati. Ni injini ya petroli inayopozwa kwa hewa, ya namna ile ile inayofungwa kwenye pampu na jenereta, iliyounganishwa na shafti ndefu yenye propela ndogo mwishoni. Thailand imeitumia kwa miongo mingi. Faida yake ya kwanza ni kwamba haina matundu ya maji, kwa hiyo hakuna cha kuziba. Faida ya pili ni pembe: shafti hulala karibu sambamba na uso wa maji, na mwendeshaji huinua au kushusha propela kwa mkono kulingana na kina. Ikigusa tope hupanda juu yake.

Hasara zake zisifichwe. Shafti ndefu hufanya kona ziwe pana, na penye mifereji yenye kona kali utahitaji kasia mbele. Mashine nyingi za aina hii hazina gia ya kurudi nyuma, na zisizo na klachi propela huzunguka tangu injini inapowaka. Ukitaka kusimama unaiinua nje ya maji, na hapo una panga linalozunguka hewani umbali wa m 2 kutoka kwako. Kamba ya kuzimia mashine lazima ifungwe mkononi au mguuni, bila mjadala.

Kuna kosa la kufunga linalojirudia. Injini hizi nyingi hulainishwa kwa oili inayorushwa ndani, na hazitakiwi kuinama zaidi ya digrii 20 au hivyo. Kiti cha injini kikifungwa juu mno, injini hulala, oili hukimbilia upande mmoja, na yenye kihisi cha oili hujizima katikati ya safari. Fundi akikikata kihisi hicho "ili isisumbue", injini itakufa bila kuaga. Dawa ni kurekebisha urefu wa kiti ili shafti ifike majini bila injini kulala.

Sehemu inayokwisha haraka ni bushi ya chini, pete inayoishika shafti. Mchanga huingia, shafti huanza kucheza, kisha sili (kizuizi cha maji) hupasuka. Tia grisi isiyoyeyuka majini kila siku ya kazi mpaka grisi chafu itoke na safi ionekane. Shika propela kwa mkono na uitikise juu na chini. Ikicheza kwa kuonekana, bushi imekwisha, na kuiacha ni kuila shafti.

Ndugu yake ni mashine ya mkia mfupi, ambayo hupeleka nguvu kwa mkanda hadi propela ya chuma inayofanya kazi nusu ndani na nusu nje ya maji. Hukata majani kweli, na nyingi hufikia mwendo wa kuinua boti juu ya maji. Lakini ni nzito, uzito wote uko nyuma, na hutaka boti iliyojengwa kwa ajili yake. Kumbukeni pia kwamba boti inayoteleza juu ya sm 15 za maji ikiwa na kasi itahitaji maradufu yake au zaidi ikianza kutoka kusimama, kwa sababu nyuma huzama kwanza ndipo boti iinuke. Usisimame juu ya fungu kisha ukashangaa mbona huondoki.

Mengine, kwa ufupi

Jeti: mashine ya HP 60 ikivalishwa jeti huhesabiwa kama HP 40 hivi. Changarawe hula impela, na nafasi kati yake na ganda inapozidi mm 0.8 nguvu hushuka. Hurekebishwa kwa kuhamisha washa (pete bapa za chuma) nyembamba kutoka upande mmoja wa impela kwenda mwingine. Kwa mito safi, ndiyo. Kwa maji yetu ya mada hii, hapana.

Boti ya feni haina chochote chini ya maji, kwa hiyo majani hayaigusi kabisa. Ya kwanza ilijengwa Canada mwaka 1905 na kundi la Alexander Graham Bell, na leo ni maarufu katika mabwawa ya Everglades, Florida. Haina breki wala kurudi nyuma, na usukani wake hufanya kazi kwa upepo wa feni tu: ukiachia mafuta ghafla unapoteza na usukani. Kelele yake inadai vizibo vya masikio kwa wote waliomo. Kwa uokoaji inafaa. Kwa kazi za kila siku za wanachama ni mzigo.

Mashine ya umeme ni nzuri kwa mwendo wa polepole, na propela yake yenye mapanga mawili yaliyolazwa hustahimili majani kuliko wengi wanavyodhani. Yenye msukumo wa kg 25 kwa volti 12 hula karibu ampea 50 ikifunguliwa yote. Betri ya risasi ya Ah (ampea-saa) 100 isitumiwe zaidi ya nusu, kwa hiyo una saa moja, na kwa kweli pungufu yake, kwani betri ya risasi hutoa kidogo ikinyonywa kwa kasi. Majani yakijisokota, ampea hupanda na saa hiyo hufupika tena.

Na pondo. Kila boti, iwe na mashine gani, ibebe pondo la m 4 lenye mguu wa panda au kisahani ili lisizame topeni.

Magugu yakishika propela

Kwa mashine yenye gia ya kurudi nyuma, weka gia huru, kisha rudisha nyuma kwa sekunde chache kwa mwendo mdogo. Mara nyingi majani hujifungua. Yasipotoka, zima, chomoa kamba ya kuzimia, ndipo uinue mashine na kukata kwa kisu cha meno. Usiingize mkono kabla ya kamba kutoka. Ukikuta uzi wa kuvulia kati ya majani, safari ikiisha vua propela: nyosha pini, fungua nati, toa washa na propela, angalia nyuma yake. Uzi hukata sili ya shafti na maji huingia kwenye gia. Legeza skrubu ya chini kidogo: oili nyeupe kama maziwa ina maji. Ukijaza upya, jaza kwa tundu la chini mpaka oili itokee la juu, funga la juu kwanza, kisha la chini. Paka shafti grisi na tumia pini mpya.

Maazimio ya kupigiwa kura

La kwanza, boti za chama zinazofanya kazi mahali penye majani ya kuota na kina chini ya sm 55 zivae mkia mrefu wenye klachi; nyingine zibaki na mashine zilizopo, zikibadilishiwa propela.

La pili, kila boti ya chama iwe na propela ya akiba, impela moja, pini na plagi za akiba, pampu ya grisi na kisu cha meno.

La tatu, hakuna boti ya chama itakayowashwa bila kamba ya kuzimia kufungwa mwilini.

La nne litawasumbua wengi, na kamati inaliunga mkono hata hivyo: boti isihamishwe kutoka maji mamoja kwenda mengine kabla ya kutolewa majani yote, kumwagwa maji ya ndani na kukaushwa. Propela hukata majani vipande, na magugu kadhaa huota upya kutoka kipande kidogo. Hydrilla, gugu linaloota chini ya maji, huhitaji kifundo kimoja tu cha shina. Kamati inaomba azimio hili lianze kutumika siku litakapopitishwa, bila muda wa mpito.