Nadine, unionee ile gari ya biti (viti) mbili

Yambo Nadine,

Habari ya Dar, habari ya joto, Papa Chris na batoto banaendelea? Siye huku Lubumbashi tuko, vumbi tu na baridi ya asubuhi, unajua mwezi wa saba vile inakuwaka, mi navaa pulovere mbili kama mugonjwa. Najua nimenyamaza tangu Pasaka, usinitukane, leo nalipa deni yote na faida juu yake. Mama anakusalimia, anauliza kama unakulaka bado bukari, ugali yetu, ao umeisha kuwa muntu wa wali. Kaskile ameoa! Ule ule. Nitakuelezea siku ingine juu leo niko na haraka na niko na jambo.

Nataka gari. Usicheke kwanza, ngoja nimalize.

Kuko parkingi moja hapo Dar, adresi nitakutumia kwa WhatsApp, ndani yake kuko Daihatsu Copen ya 2006, rangi ya silver, kadogo kama kiatu ya mutoto, biti mbili, na toa yake (paa) ya aluminyumu inajikunja yenyewe inaenda kulala mu kofre, buti ya nyuma. Mwenye kuuza anasema ataniwekea mpaka siku ya posho, njo Jumamosi yenu, kisha ataachia bengine, unajua bale ba vile, kila siku kuko "mama moja wa Zambia" anaitaka sana. Njo nakuandikia. Nataka uende uione na macho yako, picha nimeisha kuona arobaini, na kwa picha hata mimi niko mwembamba.

Weye unaijua ile Toyota Noah yangu. Miaka 11. Ilikuwa ya bantu munane, lakini siku kwaya ilienda Likasi tulikuwa kumi na batatu na ngoma tatu, kilometa 120 Mama Odette amekaa na bafle, spika ya muziki, kwa magoti. Ilibeba unga, ilibeba biti ya matanga, ilibeba mbuzi ya dot (mahari) ya Mamie, na ule mbuzi alifanya kile alifanya kwa kiti ya nyuma, mpaka nilipouza harufu ilikuwa inarudia kila mwezi wa kumi joto ikianza. Na kila siku ya posho simu: yaya uko wapi, yaya unapita upande gani, yaya kuko kitanda kidogo tu. Kitanda kidogo! Sasa niliiuza mwezi wa tano, na tangu siku ile, Nadine, simu imenyamaza. Wiki tatu nikazani imekufa, nikajipigia na simu ya Naomi, mutoto wetu wa nyumba, ikalia vizuri.

Kwa hiyo banasema ninunue Noah ingine. Bote. Kaka Felix njo mukali kuliko bote, utazani njo yeye analipa. Na mi nilikosea namna ya kuitangaza, ilikuwa kwa Tanti Bea, bukari iko mezani, pasta anatoa miba ya samaki, mi nikasema wazi kabisa, na sauti yangu hii unaijua: miye sasa nataka yenye kapoti. Kimya. Pasta akaangalia sahani. Tanti akaniuliza polepole, kwa umri wako? Nikasema gari, Tanti, gari ya kufunguka juu! Lakini ilikuwa imechelewa, unajua kapoti ni toa ya gari na ni kondomu pia, Felix alikuwa amelala juu ya meza na kicheko, na mpaka leo kwa familia yetu ile gari hata haijafika inaitwa Kapoti.

Kisha Felix alipoacha kucheka akasema kintu, akasema gari ya biti mbili ni gari ya muntu asiye na jamaa. Sikumujibu. Nitarudia hapo.

Usizani nilianguka tu juu ya Copen kwa sababu ni nzuri. Nimechunguza miezi mingi, Naomi ananisaidia na telefone yake, sasa naweza kukufundisha. Yeye mwenyewe alianza na Nissan Figaro, ile ya 1991, inafanana na gari ya bibi wa zamani, nyeupe juu na rangi ya chini kama pipi. Walitengeneza 20,000 tu na bantu bakawa banapiga kura ya bahati huko Japani ili banunue, unawaza, kupiga kura ya gari. Nikaipenda mpaka nikaota. Lakini gari ya 1991 na turbo yake na bwati (giaboksi) otomatiki ya vitesi tatu, siku itaniangukia pale rond-point mi nitafanya nini, niipangie maua ndani?

Halafu kuko Citroën moja, C3 Pluriel, hapo ndipo nilicheka peke yangu usiku. Ukitaka kuifungua yote kabisa unatoa bile byuma birefu bya pembeni bya toa, na habina pa kuingia mu gari, unabiacha nyumbani! Sasa weye unatoka Bel-Air mwezi wa kumi na moja, jua kali, byuma biko nyumbani nyuma ya mulango, unafika kwa Posta wingu imeisha kujaa. Mwenye aliwaza ile hajaona mvua yetu.

Smart nayo niliiangalia, ile Fortwo ya kwanza, metre 2.5 tu, motere iko nyuma chini ya kofre, toa ya kitambaa inasonga na butoni, na bile byuma byake bya pembeni angalau binaingia mu mulango ya nyuma, bale baliwaza. Lakini ile bwati yake kila ukibadilisha vitesi inakuitikia na kichwa, ndiyo mama, ndiyo mama. Hapana.

Kisha mwezi wa ine, wakati Noah ilikuwa bado kwangu, nilienda kujaribu moja hapa hapa mujini, chapa sitataja juu kosa ni ya mwenyewe hakuitunza. Toa ya chuma. Akabonyeza, toa ikaamuka, kofre ikafunguka kinyume, vitri bya dirisha bikashuka, muziki wa pampu chini, zzzzz, mi napiga mikono, na katikati ikasimama. Tii. Imesimama juu yetu kama kinywa ya mamba, haiendi mbele hairudi nyuma. Na mvua ya mwisho ya mwaka ilingojea siku ile! Tukarudi kwake mi na mwavuli mu gari, ba-taxi banapiga honi, ba rulage, polisi ya barabara, hawakutusimamisha hata, balikuwa bananiangalia na huruma. Alitaka bado nimulipe esansi, mafuta ya gari.

Papa Sylvain wa garaji nilipomuelezea hakushangaa. Anasema kila kintu chenye kujikunja kitachoka siku moja, swali ni nani ataitengeneza. Kitambaa ikipasuka, anasema, mushonaji wa biti bya gari atakushonea kesho. Lakini chuma inasukumwa na mafuta mu bitubo, na pampu, na bi-kontakti bidogo bidogo binaambia gari kama kofre imefungwa vizuri, kimoja kikidanganya tu, yote inakataa. Na vumbi ndiyo mubaya kuliko mvua, juu inaziba matundu madogo ya kutoa maji, sasa maji inakosa njia inaingia chini ya tapi (zulia), na jua inakausha kauchu, ile mpira ya vitri, mpaka inapasuka kama kisigino. Alinionyesha kauchu moja, aliikunja na vidole ikavunjika kama biskuti.

Njo maana kila muntu wa akili ananiambia Fiat 500C. Na kweli, Nadine, ni nzuri. Ilitoka 2009, toa ya kitambaa inajiviringa nyuma kama mukeka, milango na byuma bya pembeni binabaki mahali pao, kwa hiyo haitikisiki sana kwa mashimo, volani (usukani) unaipata kushoto kama barabara yetu inavyotaka, motere ya 1.2 na farasi 69, hakuna maajabu ndani ya kumusumbua Papa Sylvain. Kasoro, ukifungua yote kitambaa inarundikana nyuma huoni kintu kwa kioo ya retrovizere. Na biti ine.

Ine. Unaona shida? Biti ine ni kitanda kidogo. Nikinunua ya biti ine, siku ya posho simu italia.

Copen nayo byake ni hivi. Ni ya ile kabila ya gari ndogo ya Japani, sheria yao inasema urefu usipite metre 3.40, motere usipite 660, na batengenezaji banasimama kwa farasi 64. Hii iko na 659 na silindri ine na turbo, inafanana na mashine ya kushona lakini nzito yake haifike kilo 900, kwa hiyo inaruka. Na turbo Papa Sylvain anaikubali, juu siye tuko juu huku, metre 1,200 hivi, hewa kidogo, motere bila turbo inapumua kama mi nikipanda ngazi. Toa unafungua bikomeo mbili na mukono pale juu ya parabrize, kioo ya mbele, kisha unabonyeza butoni na kungoja, sekunde 20 hivi. Ikiisha kulala mu kofre hakuna tena kofre, unatia pale bahasha na mukate, basi. Unga hapana. Mbuzi hapana!

Volani iko kuume, najua, lakini nusu ya Lubumbashi iko vile. Shida yake ni kupita kamyo ya migodi kwa barabara ya Likasi, hauoni mbele mpaka umetoka nusu, na kwa peaje, pale banalipisha barabara, kidirisha iko upande ingine. Naomi anasema kwa peaje nitasimama tu mu gari nitoe franga juu ya kichwa ya parabrize kama raisi anasalimia. Ile wazo imenifurahisha kuliko motere yote.

Na bale banasema huku hakuna hali ya hewa ya gari wazi, babishi tu. Huko kwenye banatengeneza hizi gari, mvua inanyesha wakati wowote inataka. Siye tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa hata tone. Miezi mitano! Naweza kuacha toa wazi usiku mu lupango, uwanja ya nyumba, kintu itaingia ni paka ya jirani tu. Baridi ya asubuhi nitavaa kitambaa kwa kichwa, vumbi nitapita kwa lami, toka kwangu mpaka lami ni metre 300, nitazipita pole pole imefungwa. Kisha mwezi wa tisa jakaranda inachanua, Nadine, unapita chini yake hakuna toa. Sisemi zaidi.

Unakumbuka kamyoneti ya baba yako? Tukienda Kipushi, siye nyuma tumeshika ile chuma, kitambaa yako ya rangi ya machungwa ikaruka na baba yako akakataa kusimama. Ulilia mpaka Kipushi na kurudi ulikuwa unacheka. Mi ile upepo tu njo natafuta, nimeisha miaka 11 mbele ya volani na dirisha imefungwa juu Mama Odette anaogopa mafua.

Lakini Felix ameniharibia usingizi. Asiye na jamaa. Nikiamuka usiku nawaza labda ni kweli, Naomi anaenda unif (chuo kikuu) mwezi wa kumi, atalala kule kwa homu, bweni ya banafunzi, nyumba itabaki mi na mama, na mama hawezi kuingia mu Copen, iko chini sana, nitamutoa na kamba? Asubuhi nikipanda taxi, ile Toyota IST, ine nyuma mbili mbele, kiwiko ya muntu mu ubavu wangu, nasema hapana, Copen. Jioni nasema Fiat. Juzi nilimuambia mwenye kuuza ndiyo, halafu nikafuta mesaji, lakini alikuwa ameisha kusoma.

Basi ukienda, fanya hivi. Bonyeza toa mara tatu, si mara moja, mara moja hata ile ya mamba ilianza vizuri. Inua tapi ya mbele, ingiza mukono, kama iko na ubichi ao harufu ya chumba ya chini, ondoka. Kunja kauchu ya vitri kidogo. Na kintu ya mwisho, mbele ya mulango wa lupango yangu kuko kanivo (mufereji) na kile kisahani ya simenti, nilipima na mwiko wa mama ulipovunjika nikapima na bibiriti: bibiriti mbili bimesimama kimoja juu ya kingine, na kimoja kimelala juu yao. Nunua bibiriti tatu, pange hivyo, uingize chini ya gari katikati. Kikianguka, gari haitaingia kwangu. Ule muuzaji akikushangaa mwambie ni desturi ya Katanga.

Sasa unijibu. Utaweza kwenda kabla ya posho? Papa Chris atakusindikiza, ao bado ana hasira na ile mambo ya friji? Ule transitere wenu wa Tunduma, wa kupitisha gari kwa mupaka, bado anafanya kazi, na anachukua ngapi mpaka Kasumbalesa? Dolari 4,800 kwa ya 2006 ni bei ya bantu ao ni bei ya mama wa mbali? Bahari haijaila chini, huko Dar bintu binashikaka kutu mbio? Na weye kwa akili yako, Felix iko na haki? Usinijibu ya kunifurahisha. Ukija Krismasi utapanda kwa basi na masanduku yako, ile haitaingia, lakini mwenyewe utaingia, kiti iko moja.

Bibiriti tatu, usisahau.

Rafiki yako,
Clarisse