Ubaya hauko kwenye njia moja, uko kwenye mshale

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nimjibu mwandishi wa ile makala ya michezo ya video iliyotoka Jumamosi iliyopita. Niliisoma mara mbili. Anasema gemu lenye njia moja limepitwa na wakati, kwamba linamburuza mchezaji kama ng'ombe aliyefungwa kamba, na kwamba gemu la maana siku hizi ni lile lenye dunia iliyo wazi, mtu anakwenda atakako. Kisha akayapima magemu matano kwa ukubwa wa ramani na kwa idadi ya saa za kuyamaliza, na lenye ramani kubwa kuliko yote ndilo alilolipa nyota nyingi. Namheshimu kwa kazi yake, lakini hapo kwenye kipimo ndipo tunapoachana.

Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 44, na gemu nimecheza tangu utotoni. Nikiwa mapumzikoni huwa nacheza na mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka 12. Mwaka jana nilimnunulia gemu moja jipya, jina naliacha, lenye ramani kubwa ajabu. Wiki zile mbili za kwanza nilikuwa safarini. Niliporudi nikamkuta amekwisha kulizoea, nikakaa kando yake kumtazama.

Mhusika wake alikuwa anakatiza mji uliojengwa kwa ufundi mkubwa: madaraja ya mawe, nguo zimeanikwa madirishani, mnara mrefu wenye saa iliyosimama. Mtoto hakuona hata kimoja. Macho yake yalikuwa kwenye kona ya chini ya kioo, kwenye kile kiduara cha ramani ndogo, anafuata mshale wenye mstari wa nukta za njano unaomwambia kata kulia, kata kushoto, umefika. Nikamwuliza, "Ile saa ya mnara tulioupita sasa hivi, imesimama saa ngapi?"

Akanigeukia. "Mnara gani, mjomba?"

Nikachukua kipande cha karatasi nikakibandika kwa selotepu kwenye ile kona ya televisheni, nikadhani nimeupata ugonjwa na dawa yake. Mtu wa kwanza tuliyezungumza naye ndani ya gemu akatupa barua, akasema tumpelekee mhunzi. Basi, akanyamaza. Mhunzi anakaa upande gani wa mji, karibu na nini, mlango wake una rangi gani, hakuna. Tukawauliza watu watatu barabarani, kila mmoja akarudia sentensi yake ileile ya hali ya hewa. Tukazunguka nusu saa nzima. Walioyaandika maneno ya watu wale walijua mshale utakuwepo, hivyo hawakuona haja ya kumfanya mtu yeyote katika mji mzima ajue kuelekeza njia. Mpwa wangu akaomba niitoe karatasi, nami nikaitoa, maana alikuwa na haki.

Ndiyo dunia wazi aliyoisifu mwandishi wako. Mimi naona ilikuwa na njia moja kama reli, tofauti ni kwamba reli yenyewe ilikuwa inatandikwa upya mbele ya miguu ya mtoto kila anapopiga hatua. Wameijaza mito na milima, kisha wakamwondolea kila sababu ya kuitazama.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika gemu la Morrowind la mwaka 2002 unashuka melini kwenye kijiji kiitwacho Seyda Neen ukiwa mfungwa aliyeachiwa, unakabidhiwa kifurushi na agizo la kumpelekea mtu anayeitwa Caius Cosades, mji wa Balmora. Nyumba yake huonyeshwi. Inakubidi ufike, uingie kwenye nyumba ya vinywaji, uulize. Safari nyingine maelekezo yanaandikwa kwenye daftari lako kwa maneno: vuka daraja, fuata mto, njia ikigawanyika shika ya upande fulani. Nilipotea sana mle, na mpaka leo, zaidi ya miaka ishirini imepita, naweza kukuchorea Balmora na mto wake uliopita katikati. Mwaka 2006 studio iliyolitengeneza, Bethesda, ikatoa Oblivion, na humo dira ikawekewa alama inayokuonyesha hasa pa kwenda. Nalo nililicheza hadi mwisho, lakini miji yake siwezi kukuchorea.

Jambo hili nalijua kutoka kazini. Nilianza kama utingo, na mzee aliyenifunza alikuwa na tabia ya kuzima redio ghafla na kuniuliza, "Tukimaliza mteremko huu kuna nini?" Nisipojua, hanijibu, tunafika wote ndipo ananionyesha kwa kidole. Leo vijana tunaowafunza wanaongozwa na sauti ya simu, na wengi ni madereva wazuri kabisa, lakini simu ikizimika katikati ya safari utamwona kijana amepita njia ile mara ishirini na haijui. Macho hayashiki kitu ambacho hayakulazimika kukitafuta.

Sasa nije kwenye hiyo njia moja inayodharauliwa. Sidhani kuna gemu lenye njia moja kuliko Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Unakwenda kulia tu, hata kioo kikishasogea hakirudi nyuma. Nilikuwa na miaka 9 nilipolicheza mara ya kwanza. Kwenye hatua ya pili ya dunia ya kwanza, ile ya chini ya ardhi, kuna dari ya matofali, na karibu na mwisho nikagundua naweza kupanda nikasimama juu yake. Nikaanza kukimbia kule juu, sehemu zinapoandikwa namba za alama, nje kabisa ya mahali nilipodhani gemu linaishia. Nikaupita juu kwa juu mlango wa kutokea. Moyo ulikuwa unadunda, maana niliamini nimefika mahali ambapo hata aliyelitengeneza hapajui. Nikadondoka kwenye chumba chenye mabomba matatu ya kurukia dunia za mbele, yenye namba 4, 3 na 2, na juu yake maneno ya kunikaribisha. Kumbe walikuwa wananingoja! Walipaficha makusudi, wakanyamaza, wakaamini kwamba siku moja mtoto mmoja ataitazama dari.

Chumba kile kimoja, Mhariri, kina ugunduzi mwingi kuliko maelfu ya vialama kwenye ramani vinavyosema "hapa kuna hazina".

Portal ya mwaka 2007 nayo ni njia moja tupu. Ni vyumba vya majaribio vinavyofuatana, unatoka hiki unaingia kile, na kila chumba kinakufundisha neno moja la lugha ambayo chumba kinachofuata kitaizungumza. Ukikichomoa kimoja katikati, mnyororo wote umekatika. Na bado kuna mahali vibao vya ukuta vimeachana kidogo, ukipenya nyuma yake unakuta maficho ya mtu aliyekuwa humo kabla yako, kuta zimejaa mwandiko wake. Hakuna anayekutuma kule.

Nakubali, njia moja nyingine inachosha. Final Fantasy XIII, iliyotoka Japani Desemba 2009, ililalamikiwa sana na walalamikaji walikuwa na sababu: ni ushoroba baada ya ushoroba mpaka sura ya 11 kati ya 13, ndipo unatokea kwenye uwanda mpana wa Gran Pulse. Nililimaliza. Kilichonichosha ni kwamba kandokando ya zile shoroba palichorwa vizuri mno lakini hapakuwa na cha kugusa.

Na dunia wazi ikifanywa kwa moyo ni kitu kikubwa, sitaki nieleweke vibaya. The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya mwaka 2017 inakuanzishia kwenye uwanda wa juu uliozungukwa na magenge. Ukishakamilisha mahekalu manne ya hapo unapewa parashuti ya kuelea nayo, na kuanzia hapo unaweza kwenda moja kwa moja hadi kasri la adui wa mwisho ukitaka. Watengenezaji wake walieleza hadharani jinsi walivyoipanga ardhi kwa maumbo ya pembetatu. Kilima chenye umbo hilo kinakupa kuchagua, ukipande au ukizunguke, na ukikizunguka, kilichokuwa kimejificha nyuma kinajitokeza kidogokidogo, kwanza ncha, kisha paa, kisha moshi. Minara unapanda, lakini ukifika juu hakimwagiki kikapu cha alama kwenye ramani kama tulivyozoeshwa kwingine. Unatoa darubini, unatazama mwenyewe, unaweka alama mwenyewe. Mahekalu madogo yako 120. Wale Wakoroki, vijiumbe vya msituni vilivyojificha kila kona, wako 900, na hapo naona walizidisha.

Nimalizie mifano na ule ulionigusa kuliko yote, maana hata sijui niuweke upande gani. Dark Souls ya mwaka 2011 haina ramani kabisa. Unaanzia kwenye magofu yenye moto mdogo, Firelink, na karibu ya moto ameketi askari aliyekata tamaa. Kutoka hapo nilipanda ngome kwa muda wa siku mbili. Nilikufa ngazini, nikakimbia darajani joka likilitapikia moto, nikaingia kwenye kanisa la kale nikiwa sina tena dawa hata tone, na niliamini niko mbali sana na mahali popote pa usalama. Ndani ya kanisa nikakanyaga lifti ya mawe. Ikaanza kushuka, ikashuka, ikazidi kushuka, mpaka nikaanza kuogopa. Iliposimama nikasikia muziki ninaoujua. Nikatembea hatua chache, na pale mbele yangu ukawapo moto uleule, na askari yuleyule ameketi vilevile. Siku zote mbili nilikuwa napanda juu ya paa la nyumbani.

Niliweka padi chini, nikakaa kimya kama dakika nzima. Ile ilikuwa njia moja au dunia wazi? Ngome niliipanda kwa njia niliyopangiwa, sikatai. Lakini picha ya jinsi mahali pale palivyoungana niliijenga mimi kichwani, tofali kwa tofali, kwa sababu hapakuwa na kiduara kwenye kona kilichonijengea.

Sisemi mishale ifutwe. Kuna mtu ana nusu saa tu ya kucheza kwa siku, kuna mwenye macho yasiyoona mbali, kuna anayetaka hadithi tu isonge. Wapewe mshale wao. Ninachokidai ni kwamba mshale uwekwe mwisho, baada ya dunia kukamilika: wanakijiji wajue kuelekeza, mnara uonekane kutoka bondeni, mlango wa mhunzi utoe moshi. Kumpa mchezaji kitufe cha kuuzima huku gemu zima limeandikwa kwa kuutegemea, ni kama kumruhusu mtu azime taa za lori usiku na kumwambia yuko huru.

Mwezi uliopita nilimwekea mpwa wangu Metroid ya mwaka 1986. Ilipowaka akakimbilia kulia, kama alivyofundishwa na kila gemu la aina hiyo. Akafika mahali penye upenyo mdogo chini ya ukuta, mhusika wake hapiti. Akaupiga risasi, akaruka, akarudi, akapiga tena. Akatafuta ramani kwa kila kitufe cha padi na hakuipata, kwa sababu haimo. Nikauma ulimi wangu nisiseme neno, na haikuwa rahisi, dakika kumi zilipita. Kisha akarudi mpaka pale alipoanzia, akasimama.

"Mjomba, hakuna aliyesema kushoto hakuendeki."

Akaenda kushoto. Hatua chache tu kutoka mahali mhusika wake alipoanzia kilikuwapo kitu cha mviringo kinamngoja, na alipokichukua akaweza kujikunja kama mpira na kupita penye ule upenyo. Hakushangilia. Alinyanyuka, akaenda kuleta daftari lake la hesabu, akafungua ukurasa wa katikati wenye miraba, akachora kijumba cha kwanza na kukiandika "mwanzo". Sasa hivi michoro imefika ukurasa wa tisa na ameanza kuunganisha karatasi kwa selotepu ileile.

Ombi langu kwa mwandishi wako ni dogo. Makala yake ijayo asitupe tena urefu wa ramani. Aibandike karatasi ile kona ya kioo chake, acheze saa moja, kisha atuandikie alifika wapi na aliona nini njiani.

Msomaji wako, dereva wa lori