Mwambie Mama asitie sahihi kwanza

Reykjavík, Iceland, Jumapili usiku

Baba Njeri,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama Njeri. Nimenyamaza tangu Juni, nisamehe. Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza kuuma.

Ujumbe wako wa juzi ndio umenikalisha chini niandike. Ati Mama anataka kuuza shamba la Mai Mahiu kwa bei ya kutupa, kwa kuwa dalali kamwambia Afrika inapasuka na ufa utalimeza? Tangu niusome sina raha.

Sikiliza. Jana wanafunzi wa jotoardhi tulipelekwa Þingvellir. Nimepita ndani ya ufa wenyewe, Almannagjá, ukuta wa mawe meusi umenizidi kimo mara nyingi. Bamba la Amerika Kaskazini, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, linavuta magharibi, la Ulaya na Asia linavuta mashariki, yanaachana kama sentimita 2 kwa mwaka, na ardhi ya katikati inadidimia. Baba Njeri, nilisimama pale nikaiona kwetu! Ni kama tulivyokuwa tukisimama juu ya ukingo pale barabarani tukitazama Longonot chini: ukingo, sakafu iliyozama, volkano. Na watu wa hapa walianza kufanyia bunge lao papo hapo mwaka 930. Tangu siku hiyo nchi imetanuka mita 20 hivi, na bado wapo. Bonde letu la Ufa huko Kenya linatanuka polepole zaidi, milimita chache tu kwa mwaka. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu, mpigie Mama hiyo hesabu.

Sitaki kumdanganya, lakini. Kuna mji hapa, Grindavík, ambao Novemba 2023 watu wote walihamishwa usiku mmoja. Magma, mawe yaliyoyeyuka, ilijipenyeza chini yao, barabara zikapasuka, na Januari iliyofuata lava ikachoma nyumba. Nyufa si hadithi. Ila ule ufa wa huko kwetu wa 2018 uliokata barabara ya Narok wanajiolojia wengi waliueleza hivi: mvua kubwa ilizoa majivu ya volkano yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani. Ni maji yaliyofukua.

Maji ndiyo yamenishika akili huku. Hii Vatnajökull, barafu inayofunika kama asilimia 8 ya nchi nzima, ina volkano chini yake. Mwaka 1996 moja ililipuka, barafu ikayeyuka, maji yakajikusanya wiki kadhaa kisha yakatoka kwa mkupuo na kubeba madaraja ya barabara kuu. Uwanda wote wa mchanga mweusi ule wa kusini umejengwa na barafu na mafuriko ya namna hiyo, moja juu ya jingine. Hata milima yao mingine ina vilele bapa kama meza kwa sababu lava ilitokea chini ya barafu nene, ikabanwa pande zote. Na kule fiodi za magharibi, kwenye mawe ya zamani kabisa, barafu ndiyo iliyochimba mabonde hadi bahari ikaingia. Ningekaa huko mwezi mzima, kweli.

Basi nikirudi kwa Mama: bara kugawanyika kusimnyime usingizi. Korongo la karibu na shamba ndilo la kuangalia. Baada ya yale mafuriko ya Aprili 2024 hapo Mai Mahiu, sihitaji kukueleza maji yanafanya nini usiku. Shamba likiwa kwenye njia ya maji, nyumba ihame hata kesho, lakini shamba lenyewe asilitupe kwa hofu ya kuambiwa.

Nenda Jumamosi, tafadhali, ulizunguke shamba lote kwa miguu. Piga picha kila mahali ardhi imebonyea au ua umepinda, unitumie. Nitamwonyesha mwalimu wetu hapa.

Na unijibu haya: Korongo liko hatua ngapi kutoka jikoni? Masika iliyopita maji yalipita upande gani? Kuna shimo jipya lolote karibu na ule mkuyu? Huyo dalali ananunua mashamba ya majirani pia, au la Mama tu? Hati iko kwako au kwa kaka? Naye kaka anasemaje? Njeri mtihani unaendaje?

Jibu kabla ya Mama kuonana na yule mtu Alhamisi.

Ndugu yako,
Baba Chebet