Faili lisipofika, isomwe logi kwanza

Ndugu Mhariri,

Katika ofisi zinazotunza hesabu zake kwenye kompyuta za IBM i, ambazo wengi bado wanaziita AS/400, jina lililoanza mwaka 1988, kuna mazoea mabaya: faili lililotumwa kwa FTP (njia ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta) lisipofika, lawama zote huwaangukia watu wa mtandao. Mara nyingi sababu imeshaandikwa kwenye logi, yaani kumbukumbu ya yaliyotokea, ila hakuna aliyeifungua.

Kinachoumiza zaidi ni kazi za usiku. Amri ya FTP ikiitwa na programu humaliza kama kawaida hata kama PUT, amri ya kutuma faili, imegoma, na asubuhi kila kitu kinaonekana shwari. Kwa hiyo kabla ya FTP, OVRDBF (amri ya kuelekeza faili kwingine) ielekeze INPUT, yaani maagizo yanayoingia FTP, kwenye memba (sehemu ya faili) yenye amri zako, na OUTPUT, yaani majibu yake, kwenye memba nyingine. Kisha programu iisome hiyo OUTPUT na kutafuta 226 au 250, namba za jibu kwamba kazi imekamilika, baada ya kila PUT. Nasisitiza baada ya PUT, kwa sababu 250 hutolewa pia kwa kubadili maktaba (folda ya mafaili) tu. Namba hiyo isipoonekana, opereta atumiwe ujumbe papo hapo, asisubiri mteja alalamike.

Faili la SAVF, lile la kuhifadhia nakala, lina balaa lake. Likitumwa bila BINARY, amri ya kutuma bila kugeuza chochote, mfumo huligeuza kana kwamba ni maandishi, kutoka EBCDIC (msimbo wa herufi wa IBM) kwenda ASCII (ule wa kompyuta za kawaida), na RSTLIB, amri ya kurejesha, hulikataa kwa kosa CPF3743. Hata ukiweka BINARY, kama upande wa pili SAVF haijaundwa, unaweza kuundiwa faili la kawaida la data lenye jina hilohilo, na hilo halirejesheki. Anza na CRTSAVF, amri ya kuunda SAVF, kule linakokwenda, halafu BINARY, halafu PUT. Likifika, lifungue kwa DSPSAVF, amri ya kuonyesha yaliyomo, kabla ya kufuta lile la awali. Ikiwa mfumo unaopokea ni wa toleo la nyuma, TGTRLS, yaani toleo linalolengwa, iwekwe wakati wa kuhifadhi. Ukisahau, kosa ni lilelile na utapoteza muda ukichunguza BINARY isiyo na hatia.

Faili la data likienda kwenye kompyuta ya kawaida, mambo hugeuka. Kwa BINARY litafika likiwa EBCDIC isiyosomeka. Kwa ASCII majina yatasomeka, lakini sehemu za namba zilizofungashwa (zilizobanwa kuokoa nafasi) zitaharibika, nazo ndizo zenye fedha. Litoe kwanza kwa CPYTOIMPF, amri ya kunakili data, liwe maandishi matupu, ndipo ulitume.

Mtandao nao una kosa lake, ila linatambulika: umeingia vizuri kwa jina na nywila, kisha orodha ya mafaili inakwama na namba ya kosa 425 inatokea. Hapo mlango 21, unaopitisha amri, uko wazi. Kinachozuiwa na fayawoli (kinga ya mtandao) ni njia ya pili, ya data. Badilisha SENDPASV, amri inayoamua upande upi unafungua njia hiyo, kati ya 0 na 1, ujaribu tena. Ikigoma kote kuwili, hapo ndipo umpigie simu mtu wa mtandao, ukiwa na logi mkononi.

Fundi wa mifumo