Homa imeisha, kichefuchefu kimegoma

Mhariri, naomba kanafasi. Niliumwa dengue, ule ugonjwa wa mbu, homa ikakata baada ya siku sita hivi lakini kichefuchefu kikagoma kuondoka, sasa wiki ya tatu, yani jirani akianza tu kukaanga vitunguu mimi natafuta ndoo, mpaka mke wangu ananitania eti mimba imehamia kwangu. Kinachonisaidia ni uji mwembamba wa mchele kidogokidogo, na ORS (ule unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini) pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, nakunywa kwa kijiko maana nikigida kikombe kizima kinarudi chote. Na jamani dengue msiiendee na aspirini wala ibuprofeni, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Zahanati waliniambia "pumzika" basi, sasa mbona hawatuambii mapema kwamba tumbo linaweza kuchelewa kupona?

Msomaji wenu, Dar es Salaam